Kifungo cha Ndani na Kifungo cha Nje: Mielekeo ya Idadi ya Watu Wazima Walio Chini ya Urekebishaji Katika Kisii na Nyamira

Utangulizi

Takwimu za magereza zinapotangazwa, aghalabu msomaji huzichukua kuwa kipimo cha uhalifu. Idadi ya wafungwa ikipanda, husemwa kwamba watu wameharibika. Ikishuka, husemwa kwamba wametengenea. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ufasiri huo una kasoro. Idadi ya watu wazima walio chini ya urekebishaji hutegemea sheria zilizopo, uamuzi wa mahakama na uwezo wa mshtakiwa wa kulipa faini au kupata dhamana, sawa na inavyotegemea uhalifu wenyewe, na pengine zaidi.

Mfano unaotumiwa ni wa kaunti za Kisii na Nyamira, eneo la Abagusii lililoko kusini-magharibi mwa Kenya. Eneo hili limeteuliwa kwa sababu moja kuu. Tangu mwisho wa karne ya ishirini, Kenya imekuwa ikihamisha sehemu ya kazi ya urekebishaji kutoka gerezani hadi kijijini. Katika Gusii kijiji hicho kimesongamana, ardhi ni haba, na mkosaji na mkosewa mara nyingi hutenganishwa na ua tu. Hapo ndipo linapozuka swali la msingi: je, kijiji kinaelewa kazi kilichokabidhiwa?

Istilahi na Makundi Yanayohesabiwa

Kabla ya kuhesabu, ni sharti ijulikane ni nani anayehesabiwa. Msamiati wa Kiswahili wenyewe unatoa mwanga. Neno gereza huhusishwa na igreja la Kireno, yaani kanisa, ilhali jela na rumande yametokana na Kiingereza. Mahabusu limetoka katika Kiarabu. Mfungwa na kifungo, kwa upande mwingine, yamezaliwa na kitenzi cha Kibantu, funga. Kwa hivyo, katika fikra za mzungumzaji wa Kiswahili, adhabu ni kufungwa, na kufungwa ni kutiwa ndani.

Katika mfumo wa Kenya yapo makundi matano. La kwanza ni la mahabusu, yaani washtakiwa walioko rumande wakisubiri kesi zao. Hawa hawajapatikana na hatia. La pili ni la wafungwa waliohukumiwa. La tatu ni la walio chini ya probesheni, ambao mahakama imewaweka chini ya uangalizi wa afisa wa urekebishaji tabia kwa muda usiopungua miezi sita na usiozidi miaka mitatu. La nne ni la walioamriwa kuhudumia jamii, yaani kufanya kazi ya umma bila malipo: kutengeneza barabara, kupanda miti, kufanya usafi katika shule na hospitali za umma. La tano ni la waliotoka gerezani kabla ya muda wao na ambao wameendelea kuangaliwa.

Makundi matatu ya mwisho, hasa la tatu na la nne, huitwa na wananchi kwa jina moja: kifungo cha nje. Kimtindo, hiyo ni tanakuzi, kwani kifungo ni cha ndani kwa maumbile yake. Hata hivyo istilahi hiyo inaeleza ukweli vizuri kuliko wengi wanavyodhani: aliye katika kifungo cha nje bado amefungwa, ila kamba yake ni ndefu. Akikiuka masharti ya probesheni hurejeshwa mahakamani, na anaweza kuhukumiwa kwa kosa lile lile la awali.

Namna Mbili za Kuhesabu

Kosa la kawaida katika kusoma takwimu hizi ni kuchanganya walioingia na waliopo. Walioingia ni jumla ya watu waliopokewa gerezani kwa mwaka mzima. Waliopo ni idadi inayopatikana siku moja wafungwa wanapopangwa mistari na kuhesabiwa. Idadi hizi mbili zaweza kwenda njia tofauti.

Chukua mfano rahisi. Watu waliofungwa miezi mitatu mitatu kwa kukosa faini ya kosa dogo wanaweza kupokezana kitanda kimoja, wanne kwa mwaka. Katika miaka kumi na mitano kitanda hicho kitakuwa kimelaliwa na watu sitini. Mtu mmoja aliyefungwa miaka kumi na mitano hukilalia kitanda hicho peke yake muda huo wote. Katika daftari la walioingia, wale ni sitini na huyu ni mmoja. Katika daftari la waliopo, kila siku ni mtu mmoja tu. Hivyo mahakama zinaweza kupunguza sana vifungo vifupi na bado msongamano usipungue, iwapo vifungo virefu vimeongezeka.

Hayo si ya kubuni. Sheria ya Makosa ya Kimapenzi ya mwaka 2006 iliweka viwango vya chini vya adhabu. Kwa kosa la kumnajisi mtoto wa miaka kumi na sita hadi kumi na minane, kifungo ni kisichopungua miaka 15. Kwa mtoto wa miaka kumi na miwili hadi kumi na mitano, kisichopungua miaka 20. Na kwa mtoto wa miaka kumi na mmoja au chini yake, kifungo cha maisha. Sheria hiyo ilikuja kuwalinda wanyonge, na ilistahili kuja. Athari yake kwa hesabu, hata hivyo, ni kwamba kila hukumu yake hubakia katika daftari la waliopo kwa miaka mingi.

Mfano wa Marekani unasaidia kuona umuhimu wa kuhesabu makundi yote pamoja. Huko, takwimu za serikali hujumlisha walio ndani na walio nje. Mwaka 2007 watu wazima waliokuwa chini ya urekebishaji walifikia takriban milioni 7.3, yaani mtu mzima mmoja kati ya kila 31. Kufikia mwaka 2021 walikuwa wameshuka hadi milioni 5.4 hivi, mmoja kati ya kila 48. Wengi wa watu hao hawakuwa gerezani; walikuwa nje, chini ya uangalizi. Anayetazama magereza peke yake haoni hata nusu ya picha. Nchini Kenya Idara ya Magereza na Idara ya Urekebishaji Tabia ni idara mbili, kila moja na madaftari yake, na mjadala wa umma karibu wote huhusu madaftari ya ile ya kwanza.

Safari ya Sheria

Probesheni si jambo geni nchini. Sheria yake ilitungwa mwaka 1943, wakati wa ukoloni, na huduma ikaanza mwaka 1946. Kwa miongo mingi ilibaki kijito kidogo pembeni mwa mto wa magereza. Kulikuwa vilevile na mpango wa zamani wa wafungwa wa vifungo vifupi kufanya kazi nje ya gereza chini ya utawala wa mkoa, yaani machifu na wakuu wa wilaya. Mpango huo ulilaumiwa kwa kukosa usimamizi.

Mageuzi makubwa yalikuja na Sheria ya Maagizo ya Kuhudumia Jamii, nambari 10 ya mwaka 1998, iliyoanza kutekelezwa mwaka 1999. Kwa mujibu wake, mahakama inaweza kumwamuru mkosaji kuhudumia jamii ikiwa kosa lake lina adhabu isiyozidi miaka mitatu gerezani, au ikiwa, hata kwa kosa lenye adhabu kubwa zaidi, mahakama inaona kwamba kifungo kinachofaa hakizidi miaka mitatu. Mamlaka yaliondoka mikononi mwa chifu na kuingia mikononi mwa mahakama na afisa wa urekebishaji.

Sababu ilikuwa bayana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, magereza ya Kenya yaliyokuwa na nafasi zisizofika elfu ishirini yalikuwa yakibeba watu waliokaribia elfu hamsini. Moody Awori, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani kuanzia mwaka 2003 na baadaye Makamu wa Rais, alifungua milango ya magereza kwa wanahabari na jamaa za wafungwa, na hali ya malazi na mavazi ikaanza kubadilika. Lakini godoro haliongezi chumba. Msongamano ungeweza kupunguzwa kwa njia mbili tu: kuingiza wachache, au kuwatoa mapema walioingia.

Katiba ya mwaka 2010 iligusa njia ya kwanza. Kifungu cha 49 kinampa kila aliyekamatwa haki ya dhamana, isipokuwa pakiwa na sababu nzito za kumnyima. Tena kinakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Kabla ya hapo, mshtakiwa wa mauaji au wa wizi wa mabavu hakuwa na dhamana kabisa. Mwaka huo huo wa 2010, Sheria ya Kudhibiti Vileo ilifuta ile iliyokuwa imepiga marufuku chang'aa moja kwa moja na kuweka mfumo wa leseni mahali pake. Ukaguzi wa mfumo wa haki ya jinai uliotolewa mwaka 2017 na Baraza la Kitaifa la Utekelezaji wa Haki ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya wanaoingia katika mfumo huo ni maskini, na wengi wao kwa makosa madogo kama vile ulevi, kuzua fujo na kufanya biashara bila leseni. Mkono mtupu haulambwi, na asiye na faini hulipa kwa siku zake.

Njia ya pili, ya kuwatoa walio ndani, imekuwa na hatua zenye athari tofauti. Agosti 2009 Rais Mwai Kibaki aligeuza hukumu za kifo za wafungwa zaidi ya elfu nne kuwa vifungo vya maisha. Lebo zilibadilika, lakini watu walibaki humo humo. Desemba 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Francis Muruatetu, iliamua kwamba ulazima wa hukumu ya kifo kwa kosa la mauaji unakiuka Katiba. Hapo mahakama za nchi, ya Kisii ikiwemo, zikaanza kusikiliza upya adhabu za watu waliokaa gerezani miaka mingi. Julai 2021 mahakama hiyo ilifafanua kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji pekee. Katikati ya hayo kulikuja ugonjwa wa korona. Machi na Aprili 2020 Jaji Mkuu David Maraga, mzaliwa wa Nyamira, akiongoza Baraza la Kitaifa la Utekelezaji wa Haki, alisimamia mpango ambao kwao maelfu ya wafungwa wa makosa madogo walitoka magerezani katika majuma machache. Uhalifu haukuwa umepungua ghafla. Ni uamuzi uliokuwa umebadilika.

Hali ya Gusii

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576. Msongamano ulikuwa watu 957 kwa kila kilomita mraba Kisii, na 675 Nyamira, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa 82. Takwimu hizi zina uzito mkubwa kwa mada hii.

Urekebishaji wa nje huanza na ripoti. Kabla ya kuamua, hakimu wa Kisii, Ogembo, Keroka au Nyamira humwagiza afisa wa urekebishaji kuchunguza maisha ya mkosaji. Afisa huenda nyumbani, huzungumza na jamaa, na chifu au naibu wake, na majirani, na aliyekosewa. Kisha huieleza mahakama iwapo mtu huyo anaweza kurekebishwa akiwa nyumbani, na iwapo nyumbani wanamtaka.

Sasa fikiria ndugu wawili waliogawanyiwa na baba yao shamba lisilotimia ekari. Mmoja ameng'oa mimea ya mpakani, mwingine akamkata kwa panga mkononi. Katika mji mkubwa, mkosaji angehamia mtaa mwingine na mambo yakapoa. Katika Gusii hana pa kuhamia. Shamba lenyewe ndilo maisha yake, njia ya kwenda kisimani ni moja, kituo cha kuuzia majani chai ni kimoja, na Jumamosi au Jumapili wote wawili wamo katika kanisa moja. Mahakama ikimpeleka gerezani, kuna hatari kwamba atakuta mpaka umesogezwa, na ugomvi utaanza upya siku ya kutoka. Ikimrudisha nyumbani, aliyekatwa atamwona kila asubuhi. Katika mazingira hayo afisa wa urekebishaji hulazimika kuwa msuluhishi kabla ya kuwa msimamizi, kwani masharti ya mahakama hayatadumu mahali ambapo mpaka wenyewe ungali unagombaniwa.

Hapo ndipo baraza la wazee, etureti, linapopata nafasi. Tangu zamani Abagusii wamelitumia kusikiliza migogoro ya mipaka na ya kifamilia, na kifungu cha 159 cha Katiba kinaitambua mizani ya jadi pale isipovunja haki za watu. Maridhiano yaliyofikiwa mbele ya wazee huweza kuingia katika ripoti ya afisa na kumsaidia hakimu. Lakini hapana budi kutahadhari. Kesi za unajisi zinapomalizwa kienyeji kwa mbuzi au fedha, huwa zimefichwa, na mtoto aliyedhulumiwa amenyimwa haki yake mara mbili. Takwimu hushuka kwa namna hiyo pia, na kushuka huko si habari njema.

Pengo la Uaminifu

Hatari kubwa zaidi iko katika namna kijiji kinavyomwelewa anayerudi. Mtu aliyekamatwa Jumatatu akaonekana sokoni Ijumaa huzua neno moja midomoni mwa watu: ametoa kitu kidogo. Pengine yuko nje kwa dhamana ambayo Katiba inampa, au amepewa probesheni ya miaka miwili yenye masharti makali. Majirani hawajaelezwa. Wanachoona ni mwizi aliyerudi.

Gusii imeshuhudia matokeo ya pengo hilo. Makundi ya sungusungu yalijitwalia kazi ya polisi, ya hakimu na ya mtekelezaji adhabu kwa wakati mmoja. Mwaka 2010 serikali iliyapiga marufuku makundi 33 nchini, na miongoni mwake yalikuwamo Sungusungu, Chinkororo na Amachuma. Mei 2008 watu kumi na mmoja, wengi wao wazee, waliuawa kwa kuchomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021 wanawake wanne waliuawa katika eneo la Marani kwa tuhuma kama hizo. Wahanga hao hawakuwa wamehukumiwa na mahakama yoyote. Hata hivyo matukio hayo yanafunza kwamba palipo na shaka juu ya haki ya mahakama, umati hujipa mamlaka, na anayerejea kijijini na lebo ya ukosaji huwa karibu sana na moto huo.

Kwa hiyo, idadi ya walio katika kifungo cha nje haiwezi kuongezwa kwa sheria peke yake. Huongezeka kwa usalama pale tu jamii inapokubali kwamba huyo aliyeko nje yuko chini ya amri. Maafisa wa urekebishaji wa kujitolea, waliochaguliwa kutoka vijijini kwa mfano ulioigwa kutoka Japani, ni hatua moja katika njia hiyo. Mwalimu mstaafu au mzee wa kanisa anayemtembelea mkosaji kila juma huonekana na kila mtu. Kuonekana kwake ni ushahidi kwamba mtu huyo hakuachwa tu.

Nafasi ya Lugha

Mada hii huenda ikaonekana kuwa ya wanasheria. Lakini sheria yenyewe imeileta mlangoni mwa wanafunzi wa lugha. Sheria ya Probesheni inaitaka mahakama, kabla ya kutoa amri, imweleze mkosaji maana na matokeo yake katika lugha anayoielewa, na isitoe amri hiyo bila yeye kukubali masharti. Amri isiyoeleweka, basi, ni amri yenye dosari. Katika mahakama za chini za Kenya lugha ni Kiingereza na Kiswahili, na Katiba, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo. Bibi wa Nyamira ambaye lugha yake ni Ekegusii husikia hukumu iliyoandikwa kwa Kiingereza, ikatamkwa kwa Kiswahili na karani, kisha ikafasiriwa tena. Katika safari hiyo, neno moja likipotea, uhuru wa mtu hupotea nalo.

Tazama kitenzi kuachilia. Husemwa kwamba mahakama imemwachilia mtu aliyeonekana hana hatia. Imemwachilia kwa dhamana mtu ambaye kesi yake inaendelea. Na imemwachilia pia yule aliyewekwa chini ya probesheni. Hali hizo tatu zina maana tofauti kabisa kisheria. Asikilizaye redio kijijini husikia kitenzi kimoja, naye huhitimisha jambo moja. Vivyo hivyo, neno probesheni limeenea mijini, majaribio hutumika katika maandishi, na kifungo cha nje hutawala mazungumzoni, huku kila moja likibeba picha yake. Majaribio humfanya mtu adhani anapimwa kama mwanafunzi. Kifungo cha nje humkumbusha kwamba bado amefungwa. Kati ya hayo matatu, lile la wananchi ndilo lililo karibu zaidi na kusudi la sheria, na waundaji wa istilahi wangefaidika kulisikiliza.

Fasihi ya Kiswahili inalijua gereza la ndani. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyochapishwa mwaka 1973, ilitokana na miaka aliyofungwa kwa sababu za kisiasa. Kifungo cha nje nacho kina dhiki yake, ya mtu anayefagia ua wa shule anayosoma mwanawe huku wanafunzi wakimtazama. Hilo nalo ni eneo linalostahili kushughulikiwa na watunzi na watafiti.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mielekeo ya idadi ya watu wazima walio chini ya urekebishaji haielezwi na uhalifu peke yake. Sheria ya 1998 iliwatoa wengi nje. Ile ya 2006 iliwaweka wengine ndani kwa muda mrefu. Katiba ya 2010 iliwarudisha washtakiwa nyumbani kwa dhamana. Na mwaka 2020 ugonjwa ulifanya katika majuma kile ambacho sera zilikuwa zikikijadili kwa miaka. Anayesoma takwimu hana budi kuuliza: ni walioingia au waliopo? Ni wa ndani peke yao au pamoja na wa nje?

Katika Kisii na Nyamira swali hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa huko wa nje na waliowakosea wanaishi bega kwa bega. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, wahenga walisema, na falsafa ya kifungo cha nje ni hiyo hiyo. Lakini koleo hurekebishwa mahali ambapo mhunzi na majirani zake wanaelewana. Wanafunzi wa Kiswahili watakaokuwa walimu, wanahabari, makarani na wakalimani wa mahakama za Kisii, Ogembo, Keroka na Nyamira ndio watakaoamua, kwa maneno watakayoyachagua, iwapo anayerudi kijijini ataonekana kuwa mtu aliye chini ya amri ya haki au mtu aliyeponyoka.